Ripoti Iliyomeza Makosa Yake

Mama mkwe wangu haamini ofisi yoyote yenye feni. Anasema mtu anayepepewa na mashine hana haraka ya kumsikiliza mwenye jasho. Kwa hivyo sikushangaa, Jumamosi ile nilipofika kwake nje kidogo ya Migwani, aliponikaribisha kwa lawama kabla ya kiti.

"Njoo uone maji yenu," akasema.

Maji hayakuwa yangu. Yalitoka kwenye kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine karibu na soko, yakauzwa kwenye kioski. Mimi nilikuwa mfanyakazi tu wa shirika dogo mjini Kitui lililokuwa likipima visima vya aina hiyo kila msimu na kuandika ripoti. Lakini kwa mama mkwe, anayepima maji na anayeyamiliki ni mtu mmoja. Akanipeleka jikoni. Sufuria ya maharagwe ilikuwa motoni tangu asubuhi na maharagwe yalikuwa bado yanagonga mwiko kama kokoto. Kando yake, kwenye kikombe, chai ya maziwa ilikuwa imekatika, mabonge yakielea juu.

"Labda maziwa yalikuwa ya jana, Mwaitu," nikasema. Mwaitu ndivyo ninavyomwita, kama ninavyomwita mama aliyenizaa.

"Ng'ombe nimemkama mwenyewe asubuhi hii. Na sabuni je? Sabuni nayo ni ya jana? Unafua mpaka mikono inachubuka na povu hulioni."

Nikachota maji kwenye mtungi, nikaonja. Yalikuwa na chumvi, na nyuma ya chumvi kulikuwa na uchungu uliobaki kwenye meno. Lakini ripoti ya msimu huo ilikuwa imetoka ofisini wiki iliyotangulia, nilikuwa nimeisoma, na ilisema kwamba maji ya kisima cha Migwani yanafaa kwa kunywa.

Niieleze kidogo hiyo ripoti, maana mkasa wote ulikuwa ndani yake. Haikuwa ripoti ya mtu kupiga hesabu huku kisha kwenda kuandika kule. Faili lilikuwa moja. Ndani yake kulikuwa na maelezo ya kawaida, aya kwa aya, na katikati ya aya kulikuwa na vipande vya amri za kompyuta, kila eneo na kipande chake. Ukibonyeza, kipande kinaenda kusoma vipimo vya visima, kinapiga hesabu, kisha kinabandika jedwali la majibu papo hapo chini yake. Mwishoni faili zima linageuzwa kuwa ripoti safi ya kuchapishwa. Amri zinafichwa, msomaji anaona maelezo na majedwali tu. Sisi ofisini tuliita kazi hiyo "kupika ripoti". Lilikuwa neno baya, kwa sababu anayepika habari ni mwongo, na mimi Jumatatu ile niliporudi kazini neno hilo ndilo lililokuwa likinizunguka kichwani.

Aliyelitengeneza faili hilo ni mwenzangu wa meza ya mkabala. Babu zake walitoka pwani wakifuata biashara hadi Kitui, na yeye amezaliwa na kukulia palepale mjini, lakini Kiswahili cha kwao hakikupotea njiani. Mimi changu nilikipata shuleni, baada ya Kikamba, na bado kinajikwaa. Yeye akikwambia, "Samahani dada, hebu nipishe kidogo," unahisi umekosea hata kama umesimama mahali pako. Mtu anayepanga maneno vizuri namna hii, nilijiambia, hashindwi kupanga namba.

Nikaifungua ripoti ya msimu uliopita, nikaiweka kando ya hii mpya. Visima vingine vyote vilikuwa vimebadilika, hiki kimepanda, kile kimeshuka, kama maji yanavyofanya mvua ikija na ikikosa. Jedwali la Migwani lilikuwa lilelile. Si kwamba lilikaribiana na la zamani. Lilikuwa lilelile, mpaka tarakimu ya mwisho.

Sikumuuliza siku hiyo. Nilianza kumtazama. Simu yake ikiita, alitoka nje mpaka langoni ndipo apokee. Nikipita nyuma yake, aliinamisha skrini. Fundi aliyesimamia uchimbaji wa kisima cha Migwani alikuwa mtu wa mtaa wao, na siku moja alipopita ofisini walisalimiana kwa kushikana mikono kwa muda mrefu na kunong'ona. Ijumaa akienda msikitini alifunga kompyuta yake kwa neno la siri. Sote tulitakiwa kufunga kompyuta zetu, lakini hilo nalo nililiongeza kwenye hesabu. Ukishamshuku mtu, hata kikohozi chake kina maana.

Mwishowe nikamkabili, asubuhi, kabla chai haijaletwa.

"Jedwali la Migwani umelitoa wapi?"

"Kwenye vipimo, dada. Kwani lingetoka wapi?"

"Vipimo vya lini?"

Akaacha kuandika. "Una maana gani?"

"Namba ni za msimu uliopita. Zote."

"Basi maji hayajabadilika. Ni kosa maji kutulia?"

"Maharagwe ya mama mkwe wangu yanasema yamebadilika."

Papo hapo nikajua nimempa fimbo ya kunichapia. Aliegemea kiti chake, akatabasamu bila furaha. "Aa. Kumbe una watu wako kule. Nilikuwa najiuliza ni nani anayelifungua faili langu kila nikitoka. Unataka kisima kiandikwe kibaya ili wachimbiwe kingine, sivyo?"

Ni kweli nilikuwa nimelifungua kupitia mtandao wa ofisi, kwa kulisoma tu. Kumbe wakati namtazama, naye alikuwa ananitazama.

Sauti zetu zilimtoa mkurugenzi chumbani kwake. Tulimwita Madam. Ni mama mtu mzima, mzee wa kanisa, anayefungua kila mkutano kwa sala na kuufunga kwa onyo. Alisikiliza upande wangu, akasikiliza upande wa mwenzangu, kisha akauliza, "Nani kati yenu anadanganya?"

Tukanyoosheana vidole.

"Basi nipikieni hiyo ripoti hapa mbele yangu. Nione kwa macho."

Mwenzangu akalifungua faili, akashuka mpaka sehemu ya Migwani, akabonyeza. Kompyuta ikafikiri kidogo, ikatulia. Jedwali lilikuwepo pale chini, nadhifu, na namba zilezile. Hakukuwa na neno lolote la kulalamika.

"Umeona?" akaniambia, lakini alikuwa anamtazama Madam.

Madam naye alikuwa ananitazama mimi. Kwa dakika ile, mshukiwa nilikuwa mimi, mwenye mama mkwe Migwani, mfunguaji wa mafaili ya watu. Nikaitazama ile skrini, nikajiuliza: nimeona jedwali likiandikwa, au nimeona jedwali lililokuwa limekaa pale tangu awali?

"Lifute kwanza," nikasema. "Futa jedwali, halafu upike."

"Futa mwenyewe. Usije ukasema nimechezea kitu."

Nikalifuta. Akabonyeza. Kompyuta ikafikiri, ikatulia kama mwanzo. Chini ya amri kulikuwa kweupe. Akabonyeza tena, safari hii kwa nguvu. Kweupe vilevile.

"Namba zimekwenda wapi?" Madam akauliza.

Mwenzangu alikuwa ameinama karibu na skrini, mdomo wazi kidogo. Uso ule ndio ulionifanya nianze kufikiri kwamba hajui, ingawa hata hapo upande mmoja wa moyo wangu ulisema, angalia vizuri, watu huigiza.

Akanakili zile amri, akazipeleka kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta ambapo amri hutekelezwa peke yake, nje ya ripoti. Hapo malalamiko yakamwagika, mstari juu ya mstari, kwa Kiingereza cha mashine. Maana yake ilikuwa moja tu: hiki nilichopewa si namba, siwezi kuendelea.

Tukafungua vipimo vyenyewe. Kifaa kipya cha kupimia chumvi kilikuwa kimepelekwa Migwani tu, na kila kikiandika namba kilibandika herufi za kipimo mkiani mwake. Kile cha zamani kiliandika namba tupu. Programu ilipokutana na herufi, ikagoma.

"Lakini mbona ripoti haikusema?" Madam akauliza.

Mwenzangu alieleza polepole, kama mtu anayejieleza mwenyewe kwanza. Programu, alisema, ina midomo miwili. Mmoja hutoa majibu na mwingine hutoa malalamiko. Ripoti yetu ilikuwa inasikiliza mdomo wa majibu tu. Malalamiko yalikuwa yanakwenda kwenye dirisha jingine dogo, linalofunguka nyuma ya yale mengine. Na kama hapakuwa na jibu jipya, la zamani liliachwa pale lilipokuwa.

"Kwa hivyo ilikuwa inalalamika?"

"Kila mara, Madam."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Sikuwahi kulitafuta dirisha hilo. Ripoti ilikuwa inatoka safi."

"Safi," Madam akasema, akavuta kiti akakaa. Nilimjua. Akikaa bila kuombwa, hajaridhika.

Mwenzangu akaandika mstari mmoja mfupi mwanzoni mwa kile kipande, wa kuamuru malalamiko yapite njia moja na majibu ili yote yaingie kwenye ripoti. Akabonyeza. Kweupe. Akatamka tusi, na hata tusi lake lilikuwa na sarufi safi. Madam akakohoa. Mwenzangu akaomba radhi, akaingia mtandaoni kutafuta, akasoma majibu ya watu asiowajua, mikono ikiwa mashavuni.

"Nimeona," akasema mwishowe. "Ripoti inaangalia amri ilivyomalizika. Ikiona mwisho wake ni kushindwa, inatupa kila kitu, hata hayo malalamiko tuliyoyaelekeza huku. Kwa hivyo mwishoni kabisa unaweka nukta mbili."

"Nukta mbili zinafanya nini?" nikauliza.

"Hazifanyi kitu. Ni amri isiyofanya kitu na hufaulu daima. Ripoti ikiona mwisho umefaulu, inakubali kuandika yote yaliyotangulia."

Sikuipenda hata kidogo. "Yaani ili itwambie ukweli, lazima tuidanganye kwamba mambo yalikwenda vizuri?"

"Ndiyo, dada."

"Na nani atatuambia hizo nukta mbili hazifichi kitu kingine?"

Safari hii hakukasirika. "Naomba unisimamie," akasema. "Haribu vipimo vya eneo lingine makusudi, tuone."

Nikafanya nakala ya vipimo vya Mwingi, nikapachika neno la ovyo katikati ya namba. Tukapika. Malalamiko yakatokea palepale, chini ya jina la Mwingi, yakitaja mpaka mstari niliouharibu. Tukarudi Migwani, tukapika. Na hapo, chini ya ile aya iliyosema maji yanafaa kwa kunywa, yakakaa malalamiko ya programu, marefu, mabaya kutazama. Madam akavaa miwani akayasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anavyosoma andiko ibadani.

Tulipoziondoa zile herufi mkiani, namba za kweli zikaja. Chumvi ilikuwa imepanda kupita kiwango cha maji ya kunywa, na haikuwa imepita kwa kidogo. Hakuna aliyeshangilia. Mwenzangu alitoka nje akasimama kwenye jua bila simu.

Sikumwomba msamaha siku hiyo, wala yeye hakuniomba. Tulifanya kazi wiki nzima kwa adabu nyingi mno. Tulipitia ripoti yote upya, na kila alipopika sehemu alinisogezea skrini nione bila kuombwa, jambo lililoniudhi kuliko alipokuwa anaificha. Baadaye ndipo nilipojua habari za simu. Alikuwa anapeleka posa. Posa ya kwanza, ya mahali pengine, ilikuwa imekataliwa wakati ofisi nzima inajua, na tulimhurumia mpaka akachoka. Safari hii hakutaka kuhurumiwa. Yule fundi alikuwa mjomba wa bibi harusi. Nilipopokea kadi ya mwaliko niliisoma nikasimama nayo muda mrefu. Kisha nikamwambia, "Kaka, mimi nilifikiri mambo mengine kabisa." Akasema, "Najua ulichofikiri. Na mimi nilikufikiria mabaya zaidi." Tukaishia hapo. Sijui kama tulisameheana au tulichoka.

Ripoti iliyosahihishwa ilipelekwa Migwani, na kamati ya maji ikatundika ubao kwenye kioski: maji haya ni ya mifugo na kufulia tu. Nilidhani mama mkwe atafurahi, maana yeye ndiye aliyelalamika kwanza. Nilimkuta anajifunga kitambaa kichwani, mtungi mtupu mkononi, anajiandaa kushuka mtoni kuchimba mchanga afikie maji, kama walivyofanya kabla ya kisima.

"Kwa hivyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi nini, Mwaitu?"

"Uliyefunga maji. Nilikwambia uyaone. Sikukwambia uyafunge."

"Hayafai kunywewa. Yangekuumiza figo."

"Nani amesema?"

"Vipimo."

"Vile vilivyosema yanafaa?"

Nilichukua mtungi mwingine nikamfuata mtoni. Tulichimba mpaka maji yakaanza kujikusanya chini ya shimo, ya rangi ya chai hafifu. Akanikabidhi kikombe nichote mimi, kwa kuwa mgongo ulikuwa unamuuma. Baada ya misimu miwili ya mvua kamati ilipata tangi la kuvunia maji kwenye paa la shule, na sasa anachota huko. Lakini mpaka leo, jirani akimuuliza kwa nini kioski hakiuzi maji ya kunywa, ananielekezea kidole.

Msimu uliofuata tulipewa chemchemi za Makueni, juu huko Mbooni, vilima nilikozaliwa. Mimi niliandika ripoti, mwenzangu akaipika. Kwenye chemchemi moja kifaa kiliishiwa na betri katikati ya kazi, vipimo vikaingia nusu, na malalamiko yakatokea kwenye ripoti, meusi, chini ya jina la chemchemi hiyo. Madam alitaka tuyaondoe kabla ya kuchapisha.

"Watu watasema tumewapelekea takataka," akasema.

"Tukiyaondoa," nikamjibu, "tutaweka nini mahali pake?"

"Ni wewe utakayesimama mbele yao," akasema.

Nikasimama. Tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa, kamati ikiwa imekaa kwenye mabenchi, ukungu ukipita madirishani, nakala zikizunguka mkono kwa mkono. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mkulima wa parachichi na maharagwe, aliinua ukurasa akaugeuza pande zote.

"Haya maandishi ya ajabu ni ya nini?"

"Ni makosa, mama. Kompyuta ilishindwa hapo. Tumeyaacha myaone."

"Mmetuletea makosa?"

"Hatuna vipimo kamili vya chemchemi hiyo. Hatukutaka kuandika kama tunavyo."

Minong'ono ikapita kwenye mabenchi, kwa Kikamba, na wakasahau kwamba nasikia. Mmoja alisema hawa wanaficha kitu. Mwingine alisema, mtu anayeficha angeficha haya. Wa tatu akasema hiyo ndiyo hila yenyewe, wanakuonyesha dogo usitafute kubwa. Nilitamani kumkumbatia huyo wa tatu. Alikuwa anafikiri kama mimi.

Mwenyekiti akasimama. "Tutashuka sasa hivi," akasema. "Mtapima mbele yetu."

Tukashuka wote kwa kile kinjia kinachoteremka kati ya mashamba, mwenzangu na viatu vyake vya mjini akijishikilia kwenye mahindi na kuomba radhi kwa kila mmea alioushika. Kwenye chemchemi nilitumbukiza kifaa, chenye betri mpya. Mwenyekiti akaninyang'anya akasoma mwenyewe. Akanirudishia akaniamuru nipime tena, akasoma tena, akamwonyesha aliyekuwa nyuma yake. Namba zilikuwa nzuri. Maji yale yalikuwa matamu, hata bila kifaa ungejua.

"Yanafaa?" akauliza.

"Yanafaa."

Akachota kwa kibuyu kidogo kilichokuwa kimetundikwa kwenye mti pale, akakijaza, akaninyooshea. "Kunywa basi."

Nikanywa. Akakijaza tena, akampa mwenzangu, naye akanywa, tope likiwa limempanda mpaka magotini. Kamati nzima ilisimama ikitutazama kooni, kuona kama kweli tunameza.